Mstari kwenye ramani huamua kabla ya kikao kuanza

Mwezi Aprili 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kuteka ya mto unaopita mjini humo humo. Sababu ilikuwa kubana matumizi. Maji ya mto ule yalikuwa yanakula mabomba, na dawa ya kuyazuia haikutiwa. Mabomba mengi ya kale katika mji ule yalikuwa ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Haikuchukua muda wakazi wakaanza kulalamika kwamba maji yana rangi, yananuka, na ngozi inawasha. Jibu walilopewa na wakubwa ni kwamba maji ni salama.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huonekana kwenye damu, na vipimo vya damu vilikuwepo. Maofisa wa jimbo wakavitazama, wakasema hawaoni la kutisha. Namba hawakuzibuni. Walichukua watoto wote ambao anwani zao zina misimbo ya posta ya Flint, wakapiga wastani, basi. Kasoro ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuangalia: msimbo wa posta ulichorwa ili barua zifike, na haujui lolote kuhusu maji. Karibu theluthi moja ya nyumba zenye anwani ya Flint ziko nje ya mipaka ya mji na hazitumii maji ya mji. Kwa hiyo watoto waliokunywa maji ya mto walichanganywa na watoto ambao hawakuyaonja kabisa, wastani ukashuka, na hatari ikazama humo.

Mwaka 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alishirikiana na Richard Sadler, mwanajiografia aliyekulia Flint na aliyeijua mipaka ile kwa miguu yake. Sadler akaiweka misimbo ya posta kando. Akachukua anwani moja moja, akaipachika mahali pake kwenye ramani, halafu akauliza: nyumba hii inapata maji kutoka bomba lipi? Hesabu ikabadilika papo hapo. Ndani ya mji, watoto wenye risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Katika mitaa iliyoathirika zaidi walitoka asilimia 4 hadi 10.6. Nje ya mji, kwa wale wenye anwani ya Flint lakini maji ya kwingine, hapakuwa na badiliko la maana. Matokeo yakatangazwa Septemba 2015. Serikali ya jimbo ikabisha, kisha ikakubali, na mwezi uliofuata Flint ikarudishiwa maji ya Detroit.

Nimekianza kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wakisikia jiografia na sera za umma hufikiria mambo makubwa makubwa: nchi isiyo na bandari, jangwa, mlima, mto wa kuzalisha umeme. Hayo yapo na yana uzito wake. Lakini jiografia inayoathiri sera kila siku ni hii ya Flint, ya mstari uliochorwa na mtu fulani kwa sababu fulani, ukaja kutumiwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine. Damu iliyopimwa ilikuwa ile ile na watoto wale wale. Kilichobadilika ni mzingo uliozungushwa kabla ya kuhesabu.

Sera yoyote, hata ile inayotangazwa kwa “wananchi wote”, lazima itue mahali. Pesa hupelekwa wilayani, mwalimu hupangiwa shule, chanjo hupelekwa kituoni, na mbunge hutoka jimboni. Na ili mambo hayo yawezekane, lazima kwanza mtu aseme wilaya inaishia wapi, shule inahudumia nyumba zipi, kituo kiko mbali kiasi gani na nani. Maswali haya huonekana ya kikarani. Hayapelekwi kwenye mijadala ya televisheni. Ukiniuliza mimi, nusu ya sera huwa imeshaamuliwa humo.

Hebu tuchukue mfano mdogo wa kubuni, tuuone kwa karibu. Kuna vijiji vinne, kila kimoja kina watu 1,000. Viwili viko bondeni kando ya mto, vina rutuba, na maskini ni asilimia 10 tu. Viwili viko juu mlimani, ardhi ni ya mawe, na maskini ni asilimia 50. Serikali inasema: tarafa yoyote ambayo maskini wamefika asilimia 40 itapata fedha maalumu. Vijiji hivi vinne vitagawanywa kwenye tarafa mbili.

Ukichora mpaka kutoka bondeni kwenda mlimani, kila tarafa inapata kijiji kimoja cha chini na kimoja cha juu. Wastani wa kila tarafa ni asilimia 30. Hakuna inayopata kitu. Sasa uzungushe ule mstari, uufuate mlima: vijiji viwili vya juu viwe tarafa moja, vya chini tarafa nyingine. Tarafa ya mlimani ina asilimia 50, inapata fedha. Hakuna aliyetajirika wala aliyefilisika katikati ya sentensi hizi mbili. Umaskini haujaongezeka hata kwa mtu mmoja. Ni kalamu tu imegeuka.

Wanajiografia wanalifahamu tatizo hili tangu zamani. Mwaka 1979 Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, wakaziunganisha kwa namna mbalimbali, na kila walipobadilisha muungano walitazama uhusiano kati ya idadi ya wazee na kura za chama cha Republican. Kwa miungano fulani wazee wengi waliendana na kura nyingi, kwa nguvu kabisa. Kwa miungano mingine ikawa kinyume, pia kwa nguvu kabisa. Mtu anayetaka kuthibitisha lolote angeweza kujichagulia ramani yake.

Kuna mtego mwingine, jirani wa huo. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alitumia sensa ya Marekani ya 1930 kutazama wahamiaji na kujua kusoma. Alipopima jimbo kwa jimbo, aliona majimbo yenye wahamiaji wengi yana watu wachache wasiojua kusoma. Haraka haraka ungesema wahamiaji ni wasomi kuliko wenyeji. Alipopima mtu kwa mtu ikawa kinyume: mhamiaji alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kidogo wa kutojua kusoma. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, kwa sababu wahamiaji walikwenda kuishi katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma. Kwa hiyo ukiona ramani ya rangi inasema mkoa fulani una tatizo, bado hujajua lolote kuhusu mtu yeyote anayeishi ndani yake. Serikali husahau hili mara nyingi mno.

Sasa, mstari ukishakuwa na uzito namna hii, watu hujifunza kuusogeza. Mfano maarufu ni wa majimbo ya uchaguzi. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini sheria iliyokata wilaya za uchaguzi kwa umbo la kipuuzi ili kukifaidisha chama chake, gazeti likachora moja kama mjusi mwenye mabawa, na jina lake likabaki kwenye msamiati wa siasa hadi leo (gerrymandering). Huo unajulikana, sitauchimba. Ule ninaoupenda zaidi ni wa Ireland, kwa sababu hauna mwizi dhahiri.

Umoja wa Ulaya ulikuwa na utaratibu wa kutoa fedha nyingi kwa kanda ambazo pato lake kwa kila mtu liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa umoja. Kwa miaka mingi Ireland nzima ilihesabiwa kama kanda moja, na ilikuwa chini ya mstari. Kisha uchumi wake ukapaa katika miaka ya 1990, nchi ikavuka kiwango, na fedha zikawa zinakaribia kukatika. Mwaka 1999 nchi ikagawanywa kanda mbili kwa ajili ya takwimu. Upande wa mashariki na kusini, wenye Dublin, ulikuwa umetajirika. Upande wa mpakani, katikati na magharibi bado ulikuwa chini ya asilimia 75, ukaendelea kupata fedha katika awamu ya 2000 hadi 2006. Serikali ilijaribu pia kuziingiza kaunti za Kerry na Clare kwenye kanda hiyo ya magharibi. Ofisi ya takwimu ya Ulaya ikakataa.

Je, ule ulikuwa ujanja? Kiasi. Lakini magharibi mwa Ireland kweli palikuwa maskini kuliko Dublin, na kuihesabu nchi kama kitu kimoja kulikuwa kunauficha ukweli huo. Ndiyo maana sipendi maelezo yanayochukulia kila mpaka mpya kuwa ni hila. Mpaka wa zamani nao ulichorwa na mtu. Kutougusa ni uamuzi, tena mara nyingi ni uamuzi unaomfaa anayenufaika tayari.

Tuje kwenye umbali. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa wabunge walitaka kuvunja majimbo ya kale, yaliyokuwa na sheria na upendeleo tofauti tofauti, na kuweka mgawanyo mmoja wa nchi nzima. Pendekezo moja la 1789 lilikuwa kuikata nchi kwa miraba iliyo sawa, kama ubao wa drafti. Likakataliwa, milima na mito haijali rula. Mwaka 1790 zikawekwa wilaya 83 zilizopewa majina ya mito na milima, na kanuni iliyotumika inavutia: mkazi wa mahali popote aweze kufika makao makuu ya wilaya yake kwa siku moja akiwa juu ya farasi. Kipimo chao kilikuwa safari ya mwananchi.

Karne mbili baadaye, serikali nyingi zimerudi nyuma ya pale. Kipimo kinachopendwa ni kilomita 5: asilimia kadhaa ya watu wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua ramani, kuweka ncha ya bikari kwenye kituo na kuzungusha duara. Kila aliye ndani amehudumiwa. Lakini duara halioni mto usio na daraja. Halioni korongo, wala barabara inayogeuka tope miezi mitatu kwa mwaka. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwapa wapanda milima kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za kutembea, ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kilomita 5 za tambarare ni saa moja, na kilomita 5 zile zile za kupanda mita 600 ni saa mbili. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya, asiye na mzigo. Mpe sasa mjamzito safari hiyo usiku.

Siku hizi inawezekana kuhesabu muda badala ya umbali. Unachukua ramani ya barabara, miinuko na mito, unaipa kompyuta, inakuonyesha nani atafika ndani ya saa moja na nani hatafika. Mara nyingi duara zuri la bikari hugeuka umbo la ajabu lenye mikono mirefu kufuata barabara na mashimo makubwa katikati. Watu walio kwenye yale mashimo ndio ambao taarifa ya serikali ilikuwa imeshasema wamehudumiwa.

Umbali pia una bei, na hapo ndipo ugomvi wa fedha huanzia. Kumfundisha mtoto mmoja au kumpa chanjo mahali watu wametawanyika hugharimu zaidi kuliko mahali walipobanana, kwa kuwa gari linakwenda mbali zaidi na darasa linajaa nusu. Je, fedha za umma zigawanywe kwa kichwa, kila mtu sawa, au kwa gharama ya kumfikia? Kenya imelipigania swali hili hadharani kuliko nchi nyingi ninazozijua, na historia yake inafaa kufuatwa polepole.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka Namba 10, uliokuwa dira ya uchumi wa taifa jipya. Ndani yake kuna hoja iliyoandikwa kwa lugha tulivu kabisa: ili uchumi wote ukue haraka, fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la uzalishaji. Na pale ni wapi? Ni maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, yenye usafiri na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Matunda yangesambaa baadaye.

Isome tena. Ardhi na mvua ni maumbile, sawa. Lakini usafiri na umeme viliwekwa na serikali ya kikoloni ilipotaka kuviweka, kando ya reli na kwenye mashamba ya walowezi. Waraka ukavichukua kana kwamba navyo viliota kama nyasi, ukavifanya sifa ya kupata zaidi. Penye barabara paongezwe barabara. Kaskazini kukame, ambako wakoloni hawakujenga, kukawa hakustahili kwa sababu hakukujengwa. Hakuna mstari wa ubaguzi ulioandikwa kwenye ule waraka, na sidhani walioandika walikuwa na chuki na mtu. Walikuwa na nadharia ya uchumi, ramani ikafanya kazi iliyobaki.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuugeuza mwelekeo. Iliunda kaunti 47 na kuamuru zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 204 kikaunda pia Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Mgawo wa kaunti ulihitaji fomula, na fomula ya kwanza iliweka asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgawo sawa wa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa eneo na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Ile asilimia 8 ya eneo ni jiografia iliyogeuzwa kuwa shilingi: ni kukiri kwamba kaunti yenye kilomita za mraba makumi ya maelfu haiendeshwi kwa gharama ya mji mmoja wa pwani.

Mwaka 2020 fomula ilipofika Seneti kwa ajili ya kurekebishwa, nchi ilisimama. Upande mmoja ulikuwa na kaulimbiu inayonata: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande wa pili, hasa wa kaunti kubwa zenye watu wachache, ulijibu kwamba shilingi moja ya mjini hainunui huduma ile ile nyikani. Baada ya vikao vingi vya mvutano ikapatikana fomula mpya mwezi Septemba, yenye vipimo vya afya, kilimo, barabara na miji, na eneo likabaki na asilimia zake 8. Ukizisikiliza hoja zile leo utagundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinadai usawa. Mmoja alikuwa anahesabu vichwa, mwingine anahesabu safari.

Lakini jambo lililonivutia zaidi lilitokea kimya kimya, kwenye ile Hazina ya Usawazishaji. Sera ya kwanza ya kuamua maeneo yaliyoachwa nyuma ilitaja kaunti 14, nyingi za kaskazini na pwani. Ikaleta malalamiko mawili ya haki. Ndani ya kaunti hizo 14 kuna miji yenye huduma, na si ajabu fedha zikaishia hapo. Na ndani ya kaunti ambazo hazikutajwa kuna vijiji vya ukiwa kabisa, vilivyofichwa na wastani wa majirani zao. Sera ya pili ikashuka hadi ngazi ya kata ndogo, ikataja maeneo 1,424 yaliyomo katika kaunti 34. Ni Flint ile ile: shuka ngazi, na ramani nyingine inatokea. Kushuka nako kuna gharama yake, maana kata ndogo 1,424 ni vigumu kuzisimamia, miradi huwa midogo, na takwimu za eneo dogo hazitegemeki sana. Ukipanda juu unapoteza maskini waliojificha, ukishuka chini unapoteza uwezo wa kujenga kitu kikubwa kama barabara inayopita kata kumi. Ngazi iliyo sahihi kwa kila jambo haipo.

Kuna pia ramani ambazo zilitengenezwa ili kuwatenga watu. Nchini Marekani, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoundwa 1933 lilichora ramani za miji zaidi ya 200, kila mtaa ukapewa daraja na rangi, kuanzia kijani kwa mitaa bora hadi nyekundu kwa mitaa ya hatari. Mitaa ya Weusi ilitiwa nyekundu karibu kila mahali. Wanahistoria bado wanabishana kama ramani hizo zenyewe ndizo zilizowanyima watu mikopo, au kama ziliandika tu ubaguzi ambao mabenki na chombo kingine cha serikali cha kudhamini mikopo walikuwa wakiufanya tayari. Alama yake haina ubishi. Utafiti wa 2020 uliotazama miji 108 ulikuta kwamba katika asilimia 94 ya miji hiyo mitaa iliyotiwa nyekundu ina joto zaidi kuliko mingine, kwa wastani wa kama nyuzi 2.6 za Selsiasi. Miti haikupandwa, lami ikatandazwa, barabara kuu zikapitishwa humo. Rangi iliyopakwa na karani wa miaka ya 1930 inasomeka leo kwenye kipimajoto.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo watunga sera hawajawahi kulimaliza: usaidie mahali au usaidie watu? Ukijenga shule na kiwanda katika mtaa uliotupwa, pengine bei ya pango itapanda na waliokusudiwa watahama. Ukiwapa watu fedha za kuhama, mtaa unabaki na wale wasioweza kuhama. Marekani ilifanya jaribio la nadra. Kuanzia 1994, katika miji mitano, familia zipatazo 4,600 zilizoishi kwenye nyumba za umma katika mitaa maskini ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi zikapewa vocha za kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Kwa miaka mingi matokeo yalionekana hafifu. Mapato ya wazazi hayakuongezeka. Watoto walipokua ndipo Raj Chetty na wenzake walipopata jibu lenye sura mbili: waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuja kupata kipato cha juu kwa karibu asilimia 31 katikati ya miaka yao ya ishirini, na waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo, pengine walipoteza kidogo. Mahali huingia ndani ya mtu taratibu, kwa miaka. Sera inayopimwa kwa bajeti ya mwaka mmoja haiwezi kuliona hilo.

Nimalizie na mambo ambayo hayatambui mipaka hata kidogo. Moshi, samaki, mbu, mafuriko. Mto hauulizi umeingia wilaya ya nani, na wilaya ya juu ikijenga ukuta kujikinga, maji huongezwa kwa wilaya ya chini. Waholanzi waliligundua hili mapema. Tangu karne ya 13 wana vyombo vya maji ambavyo mipaka yake hufuata mitaro, tuta na mwelekeo wa maji, bila kujali mji wala mkoa. Leo viko 21, vina uchaguzi wake na vinatoza kodi yake. Havikuwaokoa na kila kitu. Mafuriko ya Februari 1953 yaliua watu 1,836, na kazi ya kuziba pwani baada ya hapo ilibidi ifanywe na taifa zima. Lakini wazo lenyewe ni zuri ajabu: badala ya kulilazimisha tatizo liingie kwenye ofisi zilizopo, wanaunda ofisi yenye umbo la tatizo.

Wazo hilo hilo limo katika ramani maarufu kuliko zote za afya ya umma, ingawa watu huisimulia visivyo. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, London. Daktari John Snow aliamini ugonjwa unaenezwa na maji, wakati wengi waliamini ni hewa chafu. Alifuatilia vifo, akavikuta vimezunguka pampu ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Husemwa kwamba ramani ndiyo iliyowashawishi viongozi. Sivyo. Ramani aliichora baadaye, na ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua. Kilichowashawishi ni maelezo yake ya nani alikunywa wapi. Nyumba ya kuwatunza maskini, iliyokuwa hatua chache kutoka pale, ilikuwa na kisima chake, na kati ya watu 535 walikufa 5 tu. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa ule ule walikunywa bia.

Snow aliichora ramani yake mara ya pili kwa ajili ya ripoti ya 1855, akaongeza kitu ambacho wengi hawakioni. Ni mstari wa nukta unaoizunguka pampu ya Broad Street, umepinda pinda, haufanani na duara wala na mpaka wa parokia. Aliupata kwa kupima njia kwa njia. Ukiwa popote juu ya mstari huo, safari ya kwenda pampu ile ni sawa na safari ya kwenda pampu nyingine iliyo karibu, ukipita vichochoro ambavyo mtu mwenye ndoo angepita.